Breki kwa Idhini

Nchi nitakayoisimulia si hii yenu. Yenu naijua, ina busara tele, na barabara zake nimezisifu mara nyingi mbele za watu. Hii nyingine iko mbali, nyuma ya milima ambayo mwalimu wenu wa jiografia hakuifikia kwa sababu kengele ililia. Nilizaliwa huko, nikasomeshwa huko, na ninaipenda kama mtu anavyompenda mzazi mwenye hasira za karibu. Kwa hiyo mkikuta jambo la kuchekesha, chekeni polepole.

Nchi yetu ilikuwa na gari moja la mbio. Magari mengine yalikuwepo, ya kubebea viazi, ya kubebea maiti na ya kubebea mawaziri, lakini la mbio lilikuwa moja tu, jekundu, likiitwa Umeme. Kila mwaka, Siku ya Kasi, Umeme liliteremka Mlima Kipingo kutoka kileleni hadi uwanja wa gwaride, na Mheshimiwa Mlezi wa Taifa akiwa ameketi kando ya dereva. Wananchi walipangwa pembezoni mwa barabara ili washuhudie jinsi nchi inavyosonga mbele. Hakuna aliyeuliza kwa nini kusonga mbele kwetu daima kulikuwa kwa kuteremka. Nami siulizi.

Lazima niwaeleze desturi yetu moja. Kwetu, mdogo hasimami kabla ya mkubwa. Mkubwa akitembea, unatembea mpaka asimame. Akicheka, unacheka mpaka afunge mdomo. Mwaka mmoja Mheshimiwa Mlezi alisinzia ukumbini katikati ya makofi, viganja vyake vikiwa vimegusana, na hakuna aliyeweza kusema kama amemaliza au anapumzika. Ukumbi mzima uliendelea kupiga makofi. Ilipofika saa ya chakula, wahudumu walipita wakiwalisha waheshimiwa kwa vijiko, maana mikono yao ilikuwa kazini. Baadhi yao walilia, na redio ikatangaza kwamba ni machozi ya furaha.

*

Dereva wa Umeme alikuwa Chausiku Mbelwa, mama yangu mdogo, aliyenilea baada ya mama kufariki. Mamdogo alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mbeba mizigo na mdomo ambao majirani waliupisha njia. Alijisifu bila aibu. "Mlima ule naujua kuliko aliyeuumba," alizoea kusema, kisha anaomba msamaha kwa kutazama juu.

Mambo yalianza Siku ya Kasi iliyotangulia. Mheshimiwa Mlezi aliposhuka kwenye Umeme alijishika kiuno, akasogelea kipaza sauti alichodhani kimezimwa, akasema, "Gari hili linaniua mgongo."

Nchi nzima ilisikia. Kesho yake Wizara ya Kasi ikabadilishwa jina na kuwa Wizara ya Kasi na Utulivu, na waziri wake, Mheshimiwa Hamduni Pazi, akatangaza mjadala wa kitaifa: je, gari la mbio linastahili kuongezewa starehe?

Tulijadili. Waliosema gari la mbio sharti liwe gumu, litikise mifupa na kuchoma mgongo, waliitwa Watu wa Mbao. Waliotaka liwe laini waliitwa Watu wa Mito. Wanafunzi waliandika insha. Harusi moja ilivunjika baada ya babu wa bwana harusi kuketi kwenye kigoda, jambo ambalo upande wa bibi harusi ulilitafsiri kama msimamo. Kila mtu alijua jibu litakuwa lipi, lakini Waziri Pazi alitufafanulia kwamba mjadala si wa kutafuta jibu, ni wa kuonyesha kwamba tunao mjadala.

Mwishoni Mamdogo aliitwa mbele ya Tume ya mjadala huo.

"Bi Chausiku," akasema Waziri, "wewe ni wa mbao au wa mito?"

"Mimi ni wa kufika, Mheshimiwa."

Wajumbe wakacheka. Walipoona Waziri hacheki, wakafunga midomo kwa pamoja kama madirisha ya shule.

"Fafanua."

"Wekeni mito. Hata mimi nina kiuno. Kiyoyozi wekeni, mle ndani ni tanuri, natoka nimeiva. Mwenye kutaka kunywa chai na anywe. Sijawahi kuona raha ikipindua gari. Ila mkifika kwenye miguu yangu, hapo mniulize kwanza."

"Kuna nini kwenye miguu yako?"

"Breki, baba."

Waziri alitabasamu. Nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, nami nikatabasamu, kwa sababu nilidhani tumekubaliana.

*

Starehe zikaanza kuingia. Kwanza kiti kipya cha Mheshimiwa Mlezi, chenye mashine ya kukanda mgongo taratibu toka shingoni hadi kiunoni. Kikaja kiyoyozi, ikaja friji, likaja zulia. Kisha kila wizara ikataka ionekane imeshiriki. Wizara ya Maji ilileta chemchemi ndogo ya kuburudisha masikio. Wizara ya Utamaduni ilileta mlango wa mninga uliochongwa nakshi, ambao ulihitaji wanaume wanne kuufungua. Jeshi lilileta mto ulioshonewa nishani. Injini ikabadilishwa kuwa kubwa zaidi, ili uzito wa raha usije ukaaibisha kasi.

Mamdogo alipolijaribu kwa mara ya kwanza alirudi akitikisa kichwa. "Hii sasa ni sebule yenye hasira," akasema.

Taa nyekundu za tahadhari, zile zinazowaka mbele ya dereva gari likipata homa, ziliondolewa kwa sababu zinatia wasiwasi. Mahali pake ikawekwa taa moja ya kijani inayowaka muda wote. Breki ya mkono nayo iling'olewa, kwa kuwa ilikuwa imekaa mahali ambapo Mheshimiwa Mlezi angependa kuweka kikombe.

Siku moja Waziri Pazi alipanda mwenyewe kukagua, akiwa na kikombe cha chai mkononi. Mbuzi alikatiza barabara. Mamdogo akakanyaga breki, chai ikamwagika kwenye suti ya Waziri. Watu walitarajia ataghadhibika. Hakughadhibika. Alitazama chini, penye mguu wa Mamdogo, kwa muda mrefu, kama mtu aliyeona nyoka chini ya kitanda cha mtoto.

Jioni akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Miaka yote hii tumelala huku adui akiwa macho! Nimegundua kwamba chini ya mguu wa mwanamke mmoja kuna chuma, nasema chuma, kinachoweza kumsimamisha Mkuu wa Nchi! Nawauliza, mwanamke huyu alichaguliwa lini? Alimwapia nani? Jeshi la kigeni halijamsimamisha Mheshimiwa Mlezi. Njaa haikumsimamisha. Uchaguzi, kama mnavyojua, haukumsimamisha. Asimamishwe na kiatu?"

Tulishika vifua. Kwa kweli hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria jambo hilo kwa upande huo.

Waziri alitutuliza. Breki haitaondolewa, alisema, sisi si washenzi. Breki itakuwepo, nzuri, mpya, ila itakuwa breki kwa idhini. Dereva atakanyaga, sauti yenye adabu itamwomba Mheshimiwa Mlezi, naye akiridhia atabonyeza kitufe cha dhahabu kwenye mkono wa kiti chake. Hapo ndipo breki itakamata.

*

Sauti yenye adabu ndiyo iliyoniingiza mimi kazini.

Nilikuwa nimehitimu shahada ya Lugha na Mawasiliano, na baada ya kuhitimu nilikuwa nimekaa nyumbani nikiamini. Vijana wengi tulijitokeza kwenye usaili. Nilichaguliwa mimi kwa sababu sauti yangu, walisema, haina haraka. Nilirudi nyumbani nikikimbia. Niliamini neno laini, likisemwa mahali panapofaa, linaweza kuponya nchi. Bado naamini.

Nilimkuta Mamdogo akipiga pasi ovaroli yake nyekundu.

"Mamdogo, nimepata kazi! Kwenye gari lako!"

"Alhamdulillahi! Fundi?"

"Sauti."

Aliiweka pasi pembeni. "Hebu niisikie hiyo sauti."

Nikasimama wima, nikasema kama nilivyofundishwa: "Mheshimiwa Mlezi, shikamoo. Dereva wako mtiifu anaomba, ikikupendeza, kupunguza mwendo kidogo. Je, unaridhia?"

Mamdogo alikuwa amefumba macho, mikono yake ikishika usukani usiokuwepo.

"Ulipomwamkia tulikuwa Kona ya Mnara," akasema. "Ulipofika 'ikikupendeza' tukawa Kona ya Shule. Hiyo 'unaridhia' umeisemea hewani, mwanangu. Barabara imeshakwisha."

"Lakini atabonyeza upesi, Mamdogo. Ni mtu mwelewa."

"Fiki, kile kiti kinachokanda nilikikalia. Gari limeegeshwa, mchana kweupe, na mimi nina hasira zangu. Nililala mpaka nikatoa udenda. Sembuse mzee kama yule? Atafika Kona ya Mnara ameshaanza kukoroma."

Nikakaa chini. Kona ya Shule ndipo watoto walipopangwa kila mwaka na bendera zao, upande wa nje wa barabara, kwa sababu ndipo picha zilipotoka vizuri. Nyuma yao palikuwa na bonde.

"Basi kataa kuendesha," nikasema.

"Nikikataa watamweka yule wa gari la viazi, hata hajui kona zilipo. Na watoto wale wale watakuwa wamesimama pale pale." Akachukua tena pasi. "Wewe si msomi? Nenda kawaambie wabadilishe. Neno moja tu: 'Breki!' Na ukilisema, upige kelele, hata aliyelala aamke."

*

Nilikwenda. Waziri Pazi alinipokea vizuri mno, akaniita mwanangu, akaniagizia soda.

"Mheshimiwa," nikasema, "nilikuwa nawaza, endapo Mheshimiwa Mlezi atapitiwa na usingizi wakati sauti inamwomba..."

Waziri akasimama. Macho yake yaling'aa. "Kijana, umesema kitu kikubwa. Akipitiwa na usingizi! Hakuna mjumbe hata mmoja aliyeliona hilo!"

Moyo wangu ulijaa. Niliona jinsi mambo yanavyoweza kurekebishika mtu akithubutu tu kuyasema. Aliita wataalamu, wakajifungia siku nzima, na jioni akanipigia simu mwenyewe kunipa habari njema. Wamefunga chombo kinachosikiliza pumzi za Mheshimiwa Mlezi. Akianza kukoroma, sauti yangu itajipunguza yenyewe, na kadiri anavyozidi kulala ndivyo itakavyozidi kushuka, ili isije ikamsumbua.

"Hongera sana," akasema. "Taifa linakushukuru."

Nilimweleza Mamdogo. Alicheka mpaka akashika ukuta, na alipomaliza kucheka alibaki ameshika ukuta.

*

Siku ya Kasi ilifika na jua lake. Kama ofisa wa wizara nilipangiwa kusimama Kona ya Shule, pamoja na watoto. Walikuwa wamevalishwa nyeupe, na wameonyeshwa mstari wa chokaa wasiouvuka. Mlimani kote kulifungwa vipaza sauti, ili wananchi wasikie raha iliyomo ndani ya gari.

Tuliisikia. Tulisikia chemchemi ikitiririka, tukasikia friji ikifunguliwa, tukasikia injini ikiguna.

"Chausiku," ilisema sauti ya Mheshimiwa Mlezi, "leo naona gari limekuwa gari."

"Naam, Mheshimiwa. Weka kidole chako kwenye kile kitufe, mzee wangu. Usikitoe."

"Kitufe kipi? Aah... hapo hapo. Kwenye kiuno hapo. Aaah..."

Kisha ukaja mkoromo. Ulikuwa mkoromo mzito, wa mtu asiyedaiwa na yeyote. Wananchi walianza kupiga makofi.

Na juu ya mkoromo ule nikajisikia mimi, kama nilivyorekodiwa: "Mheshimiwa Mlezi, shikamoo. Dereva wako mtiifu anaomba..."

"Sauti ya nani hiyo?" mwalimu mmoja akauliza. "Tamu kama ya mtu anayebembeleza mtoto."

"...ikikupendeza..." Nilikuwa nimeanza kushuka.

Umeme likatokea juu, Kona ya Mnara, jekundu, likipepesuka kwa uzito wa samani zake. Nilimgeukia mwalimu. "Ondoa watoto!"

"Una idhini?" akauliza, akiendelea kupiga makofi.

"Mwalimu, tafadhali! Gari halina breki!"

"Shii, ofisa. Mlezi anapita."

Niliwashika watoto wawili mikono nikawavuta. Mmoja alining'ang'ania, mwingine aliponyoka akarudi kwenye mstari wake wa chokaa, maana alikuwa mtoto mwenye nidhamu. Kwenye vipaza sauti Mamdogo alikuwa anapiga kelele: "Mzee! Amka! Amka, baba, tunaua watoto!" Halafu hakusikika tena, kwani mafundi mitambo, watu hodari, walikuwa wamemfunika kwa wimbo wa taifa. Chini ya wimbo bado niliweza kujisikia, mdogo kama mbu, nikiuliza kama ameridhia.

Mamdogo hakuwa na breki, lakini alikuwa na usukani. Aliligeuza gari upande wa ndani, akalisugua kwenye mwamba. Mlango wa mninga ukang'oka na nakshi zake. Friji ikaruka, chemchemi ikapasuka, cheche zikarushwa hadi kwenye bendera za watoto. Gari likalia, likalala ubavu juu ya mwamba, likajivuta, likajivuta, pua yake ikageukia upande wa watoto, likasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa juu ya mstari wa chokaa. Mtoto mwenye nidhamu alikuwa upande wa pili wa mstari, bendera ikiwa bado imeinuliwa.

Hakuna aliyeacha kupiga makofi.

Mheshimiwa Mlezi alifumbua macho kwenye kiti chake kisichokuwa na hata mkwaruzo. "Tumefika?"

"Tumefika, Mheshimiwa!" tukaitikia.

Mamdogo alitoka kupitia pale palipokuwa na mlango. Mkono wake wa kulia ulikuwa unavuja damu mpaka kwenye vidole. Aliwatazama watoto mmoja mmoja, kama mama anayehesabu wanawe kabla ya kulala. "Nendeni nyumbani," akawaambia. Hawakwenda. Mheshimiwa Mlezi alikuwa bado hajaondoka.

*

Alishtakiwa kwa kosa la kusimama bila idhini.

"Breki haikukamata," akasema Waziri Pazi mbele ya Tume. "Wataalamu wamethibitisha kwamba ilifanya kazi yake kikamilifu kwa kutofanya kazi. Sasa, gari lilisimamaje?"

"Nimelisimamisha kwa mlima."

"Mlima uliomba idhini?"

"Muulizeni wenyewe. Mimi na yeye tumeshamalizana."

Waziri alitafakari. Kisha akapatwa na ule mwanga wake. Usukani! Wakati taifa linahangaika na breki, mwanamke yule alikuwa ameketi na usukani mikononi, akimpeleka Mkuu wa Nchi kushoto na kulia apendavyo yeye! Tume ikaguna kwa mshangao. Ikaazimiwa papo hapo: kuanzia mwaka unaofuata, usukani nao kwa idhini.

Watu wengi walitegemea Mamdogo atanyongwa. Lakini Mheshimiwa Mlezi ni mwenye huruma. Alisema tangu aapishwe hajawahi kulala usingizi mtamu kama ule, na kwamba hamtaki dereva mwingine. Mamdogo ataendesha tena. Mpaka siku hiyo atatunzwa katika Nyumba ya Utulivu, mahali penye kuta nene, ili asichoke. Nao watoto wa Kona ya Shule, kwa kuwa walionyesha uvumilivu, watapangwa safari hii pande zote mbili za barabara.

Nilikwenda kumwona. Tuliongea kupitia wavu. Mkono wake ulikuwa umepona vibaya.

"Wamekupa sentensi gani mwaka huu, msomi?" akaniuliza.

Nikamsomea: "Mheshimiwa Mlezi, shikamoo. Dereva wako mtiifu anaomba, ikikupendeza, kukata kona. Je, unaridhia?"

Nilingoja afumbe macho anitajie kona tulizozipita. Hakufumba.

"Fiki," akasema, "piga kelele, mwanangu. Mara moja tu. Kwa ajili ya wale watoto."

*

Jana niliingia studio. Ni chumba kizuri, kimezungushiwa magodoro, husikii hata moyo wako mwenyewe. Fundi mitambo alikaa nyuma ya kioo, akavaa vipokea sauti, akaniinulia kidole nianze.

Niliiweka karatasi ya sentensi mfukoni. Nilivuta pumzi mpaka mbavu zikauma, nikafikiria mstari wa chokaa, nikapiga kelele kama sijawahi kupiga maishani: "AMKA!" Nikarudia. "AMKA! AMKA! AMKA!" Koo likakwaruza, machozi yakanitoka, mshipa wa shingo ukanisimama. Niliita mpaka sauti ikakauka.

Fundi hakushtuka. Aligeuza kitufe kimoja, kisha kingine, akaurudisha ukanda ili tusikilize pamoja.

Mashine ilikuwa imeshajifunza mkoromo wa Mheshimiwa Mlezi na inajua namna ya kumheshimu. Kutoka kwenye vipaza sauti nilijisikia, mbali sana, laini, kama mtu anayemfunika shuka mtoto: amka... amka... amka...

Fundi akafumba macho, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri sana," akaniambia. "Hivyo hivyo."